Je, tamthilia ya J.B. inamdhihaki Mungu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fasihi. Vijana wa kanisa letu waliniomba niwatafutie mchezo wa kuigiza unaohusu mateso ya mtu asiye na hatia, nami nikawapendekezea J.B. ya Archibald MacLeish wa Marekani, inayosimulia upya kisa cha Ayubu wa Biblia kwa kumfanya mtu wa siku hizi aitwaye J.B. Mzee mmoja wa kanisa, baada ya kusimuliwa kisa chake, alisema kwamba mchezo huo unamdhihaki Mungu, kwa kuwa Mungu na Shetani wanaigizwa na wachuuzi wa sarakasi, na kwa kuwa mwishoni Ayubu anafarijiwa na mkewe, si na Mola wake. Je, amesema kweli?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, mzee huyo amegusa mahali penyewe. Katika hoja yake ya kwanza nadhani amekosea. Katika ya pili ana haki zaidi kuliko wahakiki wengi wangependa kukiri.

Tamthilia hii ya kishairi ilichapishwa mwaka 1958, na Desemba ya mwaka huohuo ikafika Broadway, kwenye kumbi kuu za tamthilia jijini New York, ikiongozwa na Elia Kazan, kisha mwaka 1959 ikapata Tuzo ya Pulitzer. Zuss, anayeuza maputo, na Nickles, anayeuza bisi, ni waigizaji waliokosa kazi, ambao usiku mmoja wanapanda kwenye jukwaa tupu ndani ya hema la sarakasi na kuvaa vinyago viwili walivyovikuta hapo. Kinyago cha Mungu ni cheupe na macho yake yamefumbwa, ilhali cha Shetani kimekodoa macho kwa uchungu wa yote kilichoyaona. Lakini mara wanapoanza kusema maneno ya Biblia, inasikika sauti ya mbali ambayo si ya yeyote kati yao, nao wenyewe wanashtuka. Kwa hiyo mwandishi hakumfanya Mungu kuwa mchuuzi. Aliwaonyesha wachuuzi wakijaribu kumvaa Mungu na kushindwa, jambo ambalo, tukisema kweli, hata sisi tunaohubiri na kuandika safu kama hii hulifanya kila wiki.

Uzito wa mchezo, hata hivyo, uko kwa J.B. mwenyewe. Ni mwenye benki, tajiri mwenye shukrani, ana mke aitwaye Sarah na watoto watano. Mmoja anauawa jeshini wakati vita vimekwisha, kwa kosa la kipuuzi. Wawili wanakufa katika ajali ya gari. Binti mdogo anabakwa na kuuawa. Wa mwisho anafukiwa na kifusi cha mji uliolipuliwa kwa bomu. Kila mara wanaoleta habari ni watu wawili walewale, leo wakiwa askari, kesho waandishi wa habari, na aliyeokoka peke yake analia kwamba hana budi kusimulia. Watazamaji wa mwaka 1958, waliokuwa wamepitia vita na kusoma habari za Hiroshima, hawakuhitaji kuelezwa kwamba misiba ya namna hiyo haimchagui mwovu.

Kisha wanakuja wafariji watatu, na hapa ndipo ningewashauri vijana wako watumie muda mwingi wa mazoezi. Bildad anasema kwamba hatia ya mtu mmoja si kitu mbele ya historia. Eliphaz, daktari wa akili, anasema kwamba hatia ni ugonjwa wa nafsi. Zophar, mtu wa dini, anasema kwamba kosa la J.B. ni kuzaliwa mwanadamu. Wote watatu wana jibu, na hakuna anayemwona mtu aliyekaa majivuni. Aliyewahi kukaa matangani akaambiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa, huku akiulizwa kama marehemu alikuwa akisali, atawatambua mara moja. J.B. anawakataa wanaomwondolea hatia kwa ukali uleule anaomkatalia Zophar, kwa sababu afadhali awe mkosaji anayejua kosa lake kuliko kuteseka bila maana yoyote.

Sasa hoja ya pili. Katika Biblia Bwana anamjibu Ayubu kutoka katika upepo wa kisulisuli na kumrudishia kondoo 14,000 mahali pa 7,000, ingawa watoto wanabaki kuwa kumi vilevile, hesabu ambayo mama yeyote ataiona pungufu. MacLeish anaisikizisha sauti hiyo, lakini hairuhusu imalize mchezo. Sarah, ambaye alikuwa amemwambia mumewe amkufuru Mungu afe, kisha akamwacha, anarudi na tawi lenye maua alilolikuta kwenye majivu, naye anamweleza J.B. kwamba yeye J.B. alitaka haki na haki haikuwapo, ulikuwapo upendo tu. Katika masimulizi ya Kiislamu, ambayo washairi wa Pwani waliyatungia utendi, Rehema, mke wa Ayubu, hamwachi mumewe hata siku moja. Huyu wa MacLeish anaondoka, na ndiyo maana kurudi kwake kunatuuma. Ila upendo huo ni wa watu wawili tu, na mzee wako ana haki ya kuuliza Mungu yuko wapi.

Kabla hamjaanza, angalieni kwamba matini ya kitabu na ile ya Broadway zinatofautiana mwishoni: ya Broadway inampa J.B. mwenyewe maneno zaidi ya kuhitimisha. Ombeni kibali cha kuigiza, na habari za binti mdogo zisemwe kwa staha. Na mzee, ikiwa atakubali kushiriki, apewe nafasi ya Zophar, kwa kuwa mhusika huyo asipoigizwa na mtu anayeamini kwa dhati anachokisema, anageuka kichekesho.