Re: Buluu ya bastola za Tula si rangi ya kupaka

Ndugu, umeuliza kama ile buluu kwenye mitutu ya bastola za Tula, mji wa Urusi uliojulikana kwa kutengeneza silaha, za karne ya 18 ni rangi ya kupakwa. Hapana, ni chuma chenyewe. Fundi alikisugua mpaka king'ae, kisha akakipasha moto polepole. Kikikaribia nyuzi 300 za Selsiasi kinageuka buluu, na hapo lazima kitolewe upesi, la sivyo kinaishia kijivu. Alipima kwa macho tu.

Mapambo ya dhahabu kwenye bastola hizo nayo yana njia zaidi ya moja. Kuna kuchonga mfereji mwembamba uliotanuka chini, halafu uzi wa dhahabu unagongewa humo hadi ushike. Kuna pia kuichanganya dhahabu na zebaki, kupaka, kisha kuchoma ili zebaki itoke kwa mvuke. Inapendeza mno, ila mvuke ule ni sumu na mafundi ndio walioivuta. Siwezi kuisifu kazi hii bila kulitaja hilo.

Tafuta pia picha za bastola za gumegume (zinazowasha baruti kwa cheche za jiwe) za malkia Catherine wa Pili wa Urusi, za 1786, zilizoko Metropolitan Museum, New York. Hizo ni za St. Petersburg, kazi ya Johan Adolph Grecke, na vitako vyake ni vya pembe za ndovu.