Swali la lugha: "Hukutaja" au "hujataja"?

*Swali:* Nawafundisha waongoza watalii kwa njia ya mtandao nikiwa Malindi. Baadhi yao wako Lamu. Hurekodi sauti wakieleza historia, wakanitumia kwa simu, nami nikawaandikia mrejesho. Mmoja nilimwandikia: "Hukutaja mwaka Vasco da Gama alipofika Malindi." Akanyamaza, akidhani ameanguka. Mwenzangu asema ningeandika "hujataja". Je, kuna tofauti? Na kazi yangu hii niite kusahihisha au kutathmini? (Mkufunzi, Malindi)

*Jibu:* Mwenzako amesema kweli, mwalimu. Kisarufi maneno yote mawili ni sahihi, ila hayafanyi kazi moja. Wakati wa -li- hukanushwa kwa -ku-: jambo limepita, limekwisha. Hali ya -me- hukanushwa kwa -ja-: jambo halijawa mpaka sasa, lakini huenda likawa. "Hujataja 1498" humwambia mwanafunzi kwamba nafasi ingalipo. Mngekuwa ana kwa ana, uso wako ungemwambia hayo. Kwenye simu ana kile kiambishi tu.

Lakini -ja- usiitumie kwa upole mtupu. Ikiwa muda wa kutuma kazi umepita na alama zimeshawekwa, "hujataja" ni ahadi isiyotimizika: atakesha akirekodi upya, kisha umkatalie. Hapo andika "hukutaja" bila kuogopa. (Neno hilo lina maana ya pili, kama katika "jirani hukutaja kila siku", yaani ana mazoea ya kukutaja. Muktadha huamua.)

Hata sifa zina jambo hili. "Ulieleza vizuri" humwacha mtu akingoja "lakini". "Umeeleza vizuri" yajitosheleza.

Ama kusahihisha, ni kutafuta lisilo sahihi na kuliweka sawa: mwaka, jina, tahajia. Kutathmini ni kupima thamani ya kazi nzima: mgeni angeelewa? Angetaka kuuliza zaidi? Wewe wafanya yote mawili, na hatari iko katika kuyachanganya. Mwanafunzi wa Lamu akisema "ndia" badala ya "njia", au "mato" badala ya "macho", hicho ni Kiamu, lugha ya kwao. Ikiwa unachopima ni ustadi wa kuongoza wageni, mimi singemkata hata nusu alama. Labda kama mafunzo ni ya Kiswahili sanifu na aliambiwa mapema. Akisema 1489 badala ya 1498, hilo sahihisha, hata akiwa na sauti tamu namna gani.

Na mrejesho uko katika ngeli ya U-I: mrejesho umefika, mirejesho imefika. "Mrejesho imefika" hapana.

Kwa mwanafunzi wako ningeandika hivi: "Umeeleza vizuri Nguzo ya Vasco da Gama. Hujataja mwaka aliofika. Uongeze, kisha unitumie tena kabla ya Ijumaa."