Kabla hujaendesha paleti: kwa vijana wapya wa fildi

Wadogo zangu, karibuni Mwanza. Wiki hii dogo mmoja amekesha na terminali akiapa kwamba paleti, ile programu yetu ya terminali inayozalisha mafaili ya rangi, ni mbovu, kila akiipa rangi inamjibu hajaipa rangi. Alikuwa ameandika heksi, yaani kodi ya rangi kama #1E88E5, bila alama za nukuu. Kundi lililopita walifanya vilevile, na waliowatangulia pia. Basi naandika, na kuanzia leo mkikwama msije mezani kwangu kabla hamjasoma hapa.

1. Heksi iwekeni ndani ya nukuu. Kwenye bash, yaani sheli inayosoma komandi zako, neno likianza na alama ya reli ni maoni, na kila kinachofuata kinatupwa kabla programu yenyewe haijaamka. Ukiandika paleti tengeneza #1E88E5, kinachofika ni paleti tengeneza, basi. Andika '#1E88E5', au acha reli kabisa, tumeruhusu. Mwenzako anayetumia zsh, sheli nyingine, itamkubalia na atakucheka. Mwache acheke, akiiweka komandi hiyohiyo ndani ya skripti nayo itanyamaza.

2. Android inasoma uwazi (tarakimu mbili za kusema rangi inapenya kiasi gani) mwanzoni, CSS ya wavuti inausoma mwishoni. #80FF0000 kwenye colors.xml, faili la rangi la Android, ni nyekundu ya nusu uwazi. Ihamishie kwenye wavuti hivyohivyo, utapata kijani ambacho hakionekani kabisa. Na kwenye Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu, ukiandika Color(0x1E88E5) ukasahau FF ya mbele, kitufe kipo, kinabonyezeka, ila rangi yake haipo. Kuna mtu humu ofisini aliwahi kuitafuta rangi ya namna hiyo hadi mama ntilie akafunga masufuria. Simtaji, anasoma hapa.

3. Msiuamini mwanga wa HSL, ile njia ya kuitaja rangi kwa aina, ukolezi na mwanga. Njano #FFFF00 na bluu #0000FF zote HSL inazipa mwanga wa 50%. Fungua macho uziangalie. Kwa fomula ya WCAG, miongozo ya kufanya wavuti usomeke na kila mtu, kijani kinachangia 0.7152, nyekundu 0.2126, bluu 0.0722 tu, kwa hiyo njano ile ina mng'ao wa 0.93 na bluu 0.07. Maandishi meupe juu ya bluu yanapata kontrasti, yaani uwiano wa mng'ao wa maandishi na wa rangi iliyo chini yake, ya 8.59. Juu ya njano, 1.07, yaani hayasomeki.

Najua hizi namba kwa kichwa kwa sababu zilinitoa jasho. Tulikuwa na programu ya wapokezi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Mzigo ukishuka unapimwa, mpokezi anagusa njano, maana yake subiri bei. Wakikubaliana anagusa kijani, hela inakwenda. Maandishi juu ya kitufe cha njano yalikuwa meupe na hakuna aliyewahi kuyasoma, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mimi nikalalamika kwa niaba yao. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za kontrasti, nikaona aibu, nikaiongezea paleti sheria: rangi yoyote ambayo maandishi meupe hayafikishi 4.5 juu yake, kiwango cha chini cha WCAG kwa maandishi ya kawaida, ishushwe mwanga mpaka yafikishe. Majaribio yote yakapita. Nikaitoa kama toleo dogo la marekebisho, nikaenda zangu kulala, na bildi, yaani hatua ya kuiunda ile programu, ilikuwa inachukua toleo jipya kila mara bila kuuliza mtu.

Sasa njano ukiishusha haibaki njano. Ile ya #FFFF00 inafikisha 4.5 ikiwa imeshakuwa #7A7A00. Jaribuni kuitazama: ni kijani kilichochakaa. Na kijani cha kulipia nacho kilikuwa kimeshushwa. Kwa hiyo kwenye kioo cha itel chenye nyufa, jua la saa saba, magamba ya dagaa kwenye vidole, vitufe viwili vya kijani-kijani vimekaa bega kwa bega, kimoja cha kusubiri, kingine cha kutoa hela.

Walilipa. Walilipa mizigo ambayo bei yake ilikuwa bado inabishaniwa palepale kwenye mizani. Mkubwa wa wapokezi akanipigia. Nikasema shikamoo mama, akasema marahaba, njano yangu umeipeleka wapi? Nikaanza kumweleza kuhusu usomekaji, kwamba sasa maandishi yanaonekana vizuri, asome tu. Akaniambia, "Mwanangu, mkono mmoja umeshika kapu, mwingine uko kwenye mizani. Nisome saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Hadi leo sina.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mstari mmoja: rudisha njano ilivyokuwa, geuza maandishi yawe meusi. Meusi juu ya njano ile yanapata 19.56. Hela ndiyo haikuwa na mstari mmoja. Baadhi ya wauzaji walishapanda mtumbwi kurudi visiwani. Wengine walikubali kukatwa kwenye mzigo uliofuata, wengine wakahamia kwa mpokezi mwingine, na kwa kweli siwalaumu.

4. Kwa hiyo: toleo la paleti lifungwe kwenye bildi, faili lililozalishwa likomitiwe (lihifadhiwe kwenye Git pamoja na kodi), na tofauti zake zikaguliwe kwa macho ya mtu. Rangi ikibadilika hilo ni toleo kubwa, hata kama kodi iliyobadilika ni herufi tatu. Msinibishie hapa.

5. Rangi ipewe jina la kazi yake, kitufe_subiri, siyo njano_500.

6. Rangi za mandhari ya usiku msizibuni kwa kukisia. Material 3, mfumo wa usanifu wa Google, inachukua rangi kuu kwenye toni 40 mchana na toni 80 usiku, na kwa toni za HCT, mfumo wake wa rangi ambao toni 0 ni nyeusi na 100 ni nyeupe, zikipishana 50 umeshapata kontrasti ya 4.5, zikipishana 40 umepata 3, bila kupima. Hii ndiyo sababu HSL tuliizika.

7. Kontrasti haizungushwi kwenda juu. #777777 juu ya nyeupe ni 4.48. Mkichapisha desimali moja itaandika 4.5 na dogo atashangilia. #767676 ndiyo inayofika, 4.54.

8. Matokeo yaende stdout, njia ya matokeo ya programu, salamu na maonyo yaende stderr, njia ya ujumbe wa makosa. Kuna aliyeweka "Karibu kwenye paleti!" ikaingia mstari wa kwanza wa XML, bildi ikafa. Na alama ya > ya kuelekeza matokeo kwenye faili hufuta yaliyomo kabla programu haijaanza, ikianguka katikati unabaki na colors.xml tupu. Andikeni kwenye faili la muda, kisha mlihamishe kwa mv.

9. Jaribuni nje, siyo chini ya feni. Simu ya majaribio iko droo ya pili, chaji yake haishiki, bebeni na pawabenki. Shukeni nayo Mwaloni mchana, mpeni mpokezi aguse bila kumwelekeza, halafu nyamazeni mtazame kidole kinakwenda wapi. Salimieni kwanza. Na laptopu msiiweke juu ya turubai la dagaa, ile harufu haitoki kwenye kibodi na kiyoyozi cha ofisi ni kimoja.