Kijana wa gongo haponi kwa semina

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa kijana wa Kasulu. Ananisalimia shikamoo mama, kisha anaeleza kwamba yeye na wenzake wamesajili kikundi. Wanataka kuwasaidia vijana wanaofikishwa mahakamani huku gongo na bangi vimeshawaharibu. Swali lake ni moja: "Mama, semina iwe ya siku ngapi?"

Marahaba mwanangu. Semina usifanye.

Najua jibu hilo halikupendezi, maana semina ndiyo inayolipiwa. Ina bango, ina chai ya saa nne, ina karatasi ya mahudhurio ya kumpelekea mfadhili. Mimi kazi hii nimeifanya hapa Tabora miaka mingi, kwanza nikiwa ustawi wa jamii, na baada ya kustaafu nikaendelea nayo na wastaafu wenzangu. Nasema bila haya: wapo vijana walioacha mikononi mwetu, na wengine leo wananipita mjini na bajaji wananipigia honi. Hakuna aliyeacha kwa sababu ya bango.

Nikusimulie wa mmoja.

Alikamatwa na betri ya pikipiki ya watu karibu na stesheni, ana miaka 16. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo, kwa hiyo hakimu alimwachia kwa masharti, awe chini ya uangalizi. Sharti mojawapo ni aache pombe. Kwenye karatasi linasomeka vizuri sana. Nikaenda kwao Ng'ambo nione hilo sharti litaishi wapi.

Ni chumba kimoja kilichokatwa kwa pazia. Upande huu kitanda cha mama na wadogo zake, upande ule godoro la kijana, na kati ya godoro na ukuta madumu ya lita 20 yamepangwa mstari. Mama anauza gongo. Hakujificha mbele yangu. Alinipa kigoda akaniambia, "Mama, hii ndiyo inayowasomesha." Na kijana ndiye mpimaji. Tangu yuko darasa la tano, mzigo ukishatoka jikoni yeye huchota kijiko kimoja, huwasha kiberiti, na moto ukiwaka wa bluu basi mzigo mzuri. Usipowaka hivyo, anaonja ajue umeharibikia wapi. Kuonja ndiyo ilikuwa kazi yake ya nyumbani, kama wako anavyoosha vyombo.

Sasa huyo umwite ukumbini umwambie pombe ni mbaya?

Sikumhubiria mtu pale. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena. Na mama mtu tukaongea habari za kodi ya chumba na daftari za shule. Na kijana nikawa namuuliza tu. Pombe inakupa nini? Inakunyima nini? Siku moja nikamwambia: toka sifuri mpaka kumi, hamu yako ya kuacha iko ngapi? Akasema tatu. Wengi hapo wangemrukia, mbona ndogo hivyo! Mimi nikamuuliza, kwa nini tatu, kwa nini si sifuri? Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema hataki mdogo wake wa kike aje kuwa mpimaji.

Tukaanzia hapo. Kuuliza badala ya kuhubiri sikubuni mimi. William Miller, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika juu ya njia hiyo tangu mwaka 1983 kutokana na kazi yake na walevi, na leo inatumika hata kwa vijana wenye kesi. Maana yake ni kwamba sababu ya kuacha itoke kinywani mwake. Ikitoka kwako ni ya kwako, atakuachia hapo hapo ulipokaa.

Yaliyofuata ni nauli na kungoja, hayana utamu wa kusimulia. Kikao cha ukoo kikakubali aende kwa mjomba wake anayetundika mizinga Sikonge, na ofisi ya ustawi ikaridhia. Huko nako alianguka, kwenye harusi, kwa wanzuki, pombe ya asali. Mkoa wa asali huu, utamficha wapi? Mjomba alinipigia simu anataka kumrudisha. Nikamwambia kuanguka kumo, mkalishe muulizane ilikuwaje, kesho aamkie mizingani. Mwezi uliopita kijana kaniletea asali, lita tano, na hela akakataa. Kipindi chake cha uangalizi kimekwisha. Nimejisikia mtu, kwa kweli.

Sasa nitoe na la moyoni. Kuna shirika moja, jina ninalo, silitaji. Walitaka kutupa fedha, sharti huyo kijana asimame jukwaani tarehe 26 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya, avae fulana atoe ushuhuda. Nikakataa. Shauri la mtoto linasikilizwa faragha na jina lake halitangazwi, halafu sisi tumpe kipaza sauti uwanjani? Afisa wao, ambaye ningeweza kumzaa, akaniambia, "Mama, bila ushuhuda hatuna ripoti." Ni huyo huyo aliyewahi kuniuliza tunatoa methadoni kwa vijana wangapi. Methadoni, ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011, ni dawa ya waraibu wa heroini. Kwa mnywa gongo haina kazi. Fedha hazikuja. Baadaye nikaona picha zao, vijana wa kwingine na fulana zao, na mezani ipo fomu ya kutembelea kaya, ile niliyoiandika kwa mkono wangu, ina nembo yao. Bado inaniuma.

Na wapo wanaosema wapelekwe Uyui gerezani wakaone cha mtema kuni. Hilo nalo lilishajaribiwa. Huko New Jersey, Marekani, katika gereza la Rahway, tangu miaka ya 1970 vijana walikuwa wanapelekwa kutishwa na wafungwa wa vifungo virefu. Watafiti walipokuja kulinganisha programu za namna hiyo, waliotishwa walirudia makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa popote. Woga wa siku moja, Jumamosi umeisha, kijiwe kiko pale pale.

Kukusanya nako ni hatari. Mtoto aliyevuta bangi mara mbili na kukamatwa kwa bahati mbaya, ukimkalisha wiki nzima na yule anayejua kila mlango wa nyuma wa mji huu, umemfungulia shule. Wazazi, na nyinyi viongozi wa dini, nawaomba acheni kuwarundika watoto ukumbini mkadhani mmefanya kazi ya Mungu. Nendeni majumbani kwao. Mnajua mahubiri, hamjui mtoto analala wapi! Nendeni kwao, kaeni, ulizeni, mnyamaze mjibiwe.

Jambo moja msilifanyie mzaha. Kijana anayekunywa kila siku, asubuhi mikono inatetemeka na jasho linamtoka, usimwamuru aache leo. Akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Huyo hospitali kwanza, sisi hapa tunampeleka Kitete, maswali yatafuata. Wa bangi akiacha atakosa usingizi na atakuwa na hasira siku kadhaa. Mwambie mama yake mapema asije akadhani amerogwa.

Kwa hiyo, mwanangu wa Kasulu, hela ya bango iwe nauli. Anzeni na vijana wachache ambao afisa ustawi wenu amewakabidhi kwa barua, msiokote wa kijiweni mkaanza kuulizwa kibali. Kila mmoja awe na mtu wake mmoja wa kumfuata kwao, asibadilishwe badilishwe. Ile fomu yetu nitakutumia, ni ukurasa mmoja tu. Nembo wekeni yenu, wenzenu walishaweka.