Mifuko ya Uyoga Ikichoka, Usiirundike Mlangoni

Mfuko wa kuoteshea mamama, aina ya uyoga wa kula, ukishatoa mkupuo wa tatu wa mavuno, au wa nne ukibahatika, unajijua wenyewe: mwepesi mkononi, umesinyaa, weupe umegeuka ukahawia. Msimu wangu wa kwanza nilikuwa naitupa ubavuni mwa banda, upande unakotoka upepo. Ilipofika kama sitini, vinzi vyeusi vilikuwa vinanizonga usoni kila nikiingia, na mifuko mipya ikaanza ukungu wa kijani. Nikalaumu mbegu. Kumbe rundo lilikuwa langu mwenyewe. Siku hizi uliochoka unatoka siku hiyohiyo, tena unapelekwa mbali, upepo unakoelekea.

Wageni huniuliza kama mabaki yanafaa kurudishwa kwenye mifuko mipya. Yanafaa, ila usiwe mroho. Uyoga umeshakula kilicho laini, na vimelea vingine vimeshapiga hodi. Nilijaribu nusu kwa nusu, nikavuna kijani tupu. Sasa nachanganya debe moja la mabaki na madebe manne ya mabua makavu ya mahindi, na nachemsha muda uleule, sipunguzi eti yalishachemshwa. Kama mbegu unanunua kwa kujibana, acha kabisa.

Mwenye ng'ombe atakuambia umpe yeye. Sawa, lakini mfuko wenye doa la kijani, hata dogo, mimi simpi mnyama.

Faida yenyewe iko bustanini. Toa nailoni yote, hata vipande vidogo, maana havitaoza. Pondaponda, nyunyizia maji, changanya na samadi ya mbuzi na majani mabichi, kisha geuza kila wiki. Chomeka kijiti katikati: ukikichomoa kikawa cha moto mkononi, rundo linafanya kazi. Ikibaki harufu ya udongo wa msituni, mboji imeiva. Usiharakishe. Niliwahi kufukia mabaki mabichi kwenye tuta la mchicha, majani yakawa ya njano ndani ya siku chache; vijidudu vinavyoozesha vilikuwa vinaninyang'anya naitrojeni.

Juu ya udongo, kama matandazo ya migomba, mabichi hayana shida. Mvua ikinyesha utakuta mamama wamechomoza wenyewe shinani. Chuma unaowatambua vizuri tu. Matandazo yenye unyevu huotesha na uyoga wa porini.