Maswali ya Wasomaji: Mbao Inapooza

SWALI: Mwimo wa mlango wa bafu umelainika kwa chini, kama shubiri moja kutoka sakafuni. Kila mwaka tunaupaka rangi, na kila mwaka rangi inavimba na kubanduka palepale. Fundi mmoja anasema ni mchwa, mwingine anasema mbao imeoza. Nitajuaje? Na je, lazima ning'oe fremu nzima?

JIBU: Chukua bisibisi bapa nyembamba, ichomeke kimshazari chini ya nyuzi za mbao, kina cha milimita 5 hivi, kisha inua. Mbao nzima hulia "ka!" na kutoa kibanzi kirefu chenye ncha. Iliyooza haina sauti: hukatika kifupi papo hapo, ukabaki na makombo. Rudia kila sentimita 5 ukipanda juu, na piga alama ya penseli pale vibanzi vinapoanza kuwa virefu. Usiyaamini macho peke yake, maana kuvu inayoozesha hutangulia ndani ya mbao kabla rangi haijabadilika.

Mchwa huacha udongo. Ukipasua utaona njia zilizosakafiwa kwa tope, na mbao iliyo kati ya njia hizo bado ni ngumu. Wadudu watobozi huacha vitundu vya duara na unga. Kuvu haiachi kimojawapo. Aina moja huifanya mbao iwe ya kahawia na kupasuka vipande vya mraba kama mkaa. Nyingine huifanya iwe nyeupe, nyuzinyuzi, ikibonyea kama sponji. Angalia vizuri lakini, kwani mbao yenye majimaji huwavutia mchwa pia, na huenda mafundi wako wote wawili wana haki.

Rangi ndiyo inayowaponza. Maji huingia kwenye ncha ya chini ya mwimo, mahali nyuzi zilipokatwa na kubaki wazi kama mirija, kisha hupanda. Rangi ya pembeni inayazuia yasitoke. Kuvu hushamiri unyevu wa mbao ukifika asilimia 28 hivi. Chini ya asilimia 20 haianzi kuishambulia. Kwa hiyo kabla ya msumeno, tafuta maji yanatoka wapi: mteremko wa sakafu unaoelekea mlangoni, bomba linalovuja ukutani, au saruji iliyomwagwa kuuzunguka mguu wa mwimo. Usipolipata hilo, mwimo mpya utafuata njia ya ule wa zamani.

Fremu nzima si lazima. Kata sentimita 30 juu ya alama yako, kwa mshazari unaoshuka kuelekea nje ili maji yasitulie kwenye kiungo. Unga kipande kipya kikavu kwa gundi ya epoksi na skrubu zisizoshika kutu. Mguu usikae juu ya saruji: acha nafasi ya sentimita 1, ujaze silikoni baadaye, na ile ncha ipakwe dawa ya mbao mara mbili kisha praima (rangi ya msingi) kabla ya kusimamishwa. Hatua hii ya ncha ndiyo mafundi wengi huiruka, kwa kuwa haionekani kazi ikishakwisha.

Mbao ya zamani inayobaki itibiwe kwa dawa ya boroni, inayozuia kuvu. Changanya gramu 900 za boraksi na gramu 600 za asidi ya boriki katika lita 10 za maji ya moto, koroga mpaka chembe zote ziyeyuke. Paka kwa brashi mara tatu, saa moja kati ya mkono na mkono. Boroni husafiri ndani ya mbao kwa kufuata unyevu, kwa hiyo mbao isiwe imekauka kabisa. Ifunike kwa plastiki wiki moja, ndipo uiache ikauke na kuipaka rangi. Bila rangi, maji yataiosha dawa yote. Vaa glavu, wajawazito na watoto wasiishike, na masalio usiyamwage kwenye mimea. Dawa hairudishi nguvu ya mbao iliyokwisha kuliwa.

SWALI: Kwenye mapao ya paa kuna madoa meusi. Nikipaka klorini ya kufulia yanapotea, baada ya miezi yanarudi. Je, paa litaanguka?

JIBU: Jaribu bisibisi ile ile. Vibanzi vikiwa virefu, huo ni ukungu wa juujuu tu. Hauli uimara wa mbao. Klorini hubaki juu, lakini maji yaliyochanganywa nayo huzama ndani, hivyo unaulisha ukungu huku ukiufuta. Ziba bati linalovuja na uache hewa ipite chini ya paa.

SWALI: Mbao yetu imeoza ikiwa kavu kabisa. Huu ndio ule "uozo mkavu"?

JIBU: Mara nyingi hiyo ni mbao iliyolowa, ikaoza, halafu ikakauka. Uozo mkavu wa kweli ni kazi ya kuvu iitwayo Serpula lacrymans, ya nchi za baridi, inayotoa matone kama machozi na kupitisha nyuzi zake ndani ya ukuta wa matofali. Ukiona nyuzi za kijivu zikitoka kwenye plasta, bandua plasta mpaka zinapoishia; kukata mbao peke yake hakutatosha.