Hukumu "iliyokwisha muda" bado inaandikwa kwenye fomu ya shule Wales

Mleta uzi, usitume hiyo fomu. Umesema umepata kazi ya usaidizi darasani Cardiff, una hukumu ya 2019 ya kuendesha gari ukiwa umelewa (faini na kufungiwa leseni), na wakala amekwambia uweke tiki kwenye "Hapana" pale wanapouliza kuhusu hukumu, kwa sababu imekwisha muda. Anakupoteza.

Sheria ya Uingereza ya 1974 ya wakosaji waliorekebika inakuruhusu kunyamaza kuhusu hukumu iliyokwisha muda ("spent") ukiomba kazi ya dukani au ghalani. Shule zimo kwenye amri ya 1975 inayozitoa kwenye kinga hiyo. Huko hawaulizi kama hukumu imekwisha muda, wanauliza kama imelindwa ("protected", yaani haionyeshwi kwenye cheti), na hivyo ni vitu viwili. Kwa aliyetiwa hatiani akiwa mtu mzima, hukumu hulindwa ikishatimiza miaka 11, isiwe na kifungo hata cha nje (kilichoahirishwa), na kosa lisiwemo kwenye orodha ya makosa yasiyofichwa kamwe. Kumjeruhi mtu kumo kwenye orodha hiyo. Kosa lako halimo, lakini miaka 11 ya 2019 inatimia 2030. Cheti cha ngazi ya juu cha DBS, idara inayokagua rekodi za uhalifu za waombaji kazi, kitalionyesha bila huruma. Onyo la polisi kwa mtu mzima lina miaka 6, na la aliyekuwa chini ya miaka 18 halitokei tena moja kwa moja tangu 28 Novemba 2020.

Sasa ona kinachoua watu. Hukumu ya pombe ya miaka hiyo, mwalimu mkuu anaweza kuipima na bado akakuajiri. Tiki ya "Hapana" ni jambo jingine: cheti kikifika, wanakilinganisha na fomu yako, na kesi inageuka kuwa ya udanganyifu. Unafukuzwa. Mwajiri akishafukuza, analazimika kupeleka taarifa Education Workforce Council (baraza linalosajili wafanyakazi wa elimu Wales), kwa sababu tangu 1 Aprili 2016 wasaidizi wa ufundishaji katika shule za serikali Wales lazima wawe kwenye rejista ya baraza hilo. Ukiwahi kuacha kazi ili usifukuzwe, taarifa inakwenda vilevile. Kamati husikiliza hadharani, uamuzi unawekwa mtandaoni na jina lako kamili: karipio linalokaa miaka 2, usajili wenye masharti, kusimamishwa hadi miaka 2, au kufutwa kabisa. Mtu anasimama pale kujitetea kwa ajili ya tiki moja, wakati kosa lenyewe alishalilipia mahakamani!

Hawa mawakala wananichoma moyo. Wanataka nafasi ijazwe wiki hii, wewe ukianguka wanatafuta mwingine. Na nyie ndugu wa London na Birmingham mnaojibu "mbona mimi sikuandika na niko kazini", England msaidizi wa mwalimu hana rejista kama ya Wales. Msimpe mtu wa Cardiff ushauri wa Birmingham. Tena hata huko kwenu fomu ya shule inafuata amri ileile ya 1975, kwa hiyo mnajidanganya pia.

Sheria yangu ni moja: usijaze sehemu ya hukumu kwa kumbukumbu wala kwa maneno ya mtu. Omba rekodi yako ya polisi kupitia ACRO (ofisi ya polisi ya rekodi za uhalifu), ni bure, kwa kawaida huja ndani ya mwezi mmoja. Itakupa tarehe, mahakama, jina la kosa na adhabu. Watu wengi wanakumbuka "faini tu" kumbe kulikuwa na kifungo cha nje, na hicho kinabadilisha kila kitu. Kisha andika ukurasa mmoja: kosa, tarehe, mahakama, adhabu, mazingira kwa sentensi mbili, na umefanya nini tangu hapo. Usijitetee sana, usimlaumu polisi. Tarehe zilingane na cheti. Weka kwenye bahasha iliyofungwa, juu andika "siri", jina la mwalimu mkuu, na ubaki na nakala. Ukikwama kwenye hesabu ya miaka, shirika la Unlock wana simu ya ushauri kwa mambo haya haya.

Kama fomu umeshaituma na tiki iko kwenye "Hapana", iandikie shule leo kusahihisha, kabla cheti hakijatoka. Barua iliyowahi cheti inaonyesha umekosea ukarekebisha. Ikija baada ya cheti, wataisoma kama ya mtu aliyebambwa.